Kisanduku cha Saba

Mimi ni karani wa masijala. Barua zote hupitia kwangu kwanza,
mia sita arobaini na moja, kwa nafasi tisa za watendaji wa vijiji.
Nyingine zimefungwa kwa uzi wa kushonea magunia ya korosho,
moja ina duara la kikombe cha chai, moja inanuka moshi.
Nimezipanga kwa alfabeti. Herufi N imejaza makabati mawili:
Nambunga, Namkuva, Nandonde, Nang'unda.
Hii ni Newala, usishangae.

Jumanne ukumbi wa halmashauri ulijaa hadi madirishani.
Hoja: tisa hizi tuzigaweje?
Diwani Nang'olo akasimama, akakohoa, akaghani:

    Kisima tumekichimba, kwa majembe na mikono,
    Wageni waja na kamba, sie twabaki na neno,
    Tukiuliza hutamba, watuonyesha mifano,
    Mwenye kiu asimame, apewe kata ya kwanza.

Makofi. Kisha fundi Mpelumbe, kutoka nyuma:
"Mheshimiwa, kisima chako nilikijenga mimi,
na kwetu ni Liwale. Baki yangu hujanilipa."

Kicheko kilipokwisha, mtu akasema alama ziamue,
alama hazina kabila, alama hazivai sketi.
Mwalimu Esha Chitanda akamjibu akiwa ameketi:
"Alama zina umeme. Alama zina dawati.
Wanafunzi wangu hupanda na ndoo kutoka bondeni,
ndipo wafungue daftari.
Nipe mizani inayopima na mlima."

Wazawa kwanza! wakapaza sauti wa madirishani,
na macho yakamwendea Bwana Rwechungura, afisa utumishi.
Miaka kumi na tisa yuko hapa.
Anajua kutukana kwa Kimakonde kunishinda,
na kaburi la mwanawe liko nyuma ya zahanati, Makote.
Hakusema kitu. Alikuwa anaandika muhtasari:
*Wajumbe walishauri wazawa wapewe kipaumbele.*
Nilimtazama mkono. Haukutetemeka,
ila neno "wazawa" aliliandika mara mbili,
akalikata moja.

Mwishoni kijana Likapa, asiyeona, mwenye stashahada ya utawala,
akaomba kuuliza swali moja:
"Tangazo mlilibandika ubaoni.
Mimi nilisomewa na muuza maandazi,
siku mbili baada ya tarehe ya mwisho.
Nauliza tu, ubao ule uliwekwa kwa ajili ya nani?"
Feni ilizunguka. Mwenyekiti akapekua karatasi zake
kana kwamba jibu lilikuwa ajenda ya tano.

Na mimi? Mwaka ule walitaka angalau mwanamke mmoja.
Miaka kumi na minne naitwa "yule wa nafasi".
Jalada la pensheni likipotea, wanajua nani wa kumwamsha,
lakini jina halijabadilika.
Nisidanganye, hata hivyo:
aliyenizidi alama namjua. Anauza vocha mkabala na benki.
Hunisalimu vizuri, huuliza habari za watoto.
Ndiyo maana napita njia ya nyuma.

Leo nimerudi kwenye fomu.
Kisanduku cha saba: *Mahali pa kuzaliwa.*
Upana wake vidole viwili.
Mmoja ameandika: njiani, baada ya Kitangari,
kwenye baiskeli ya baba, kabla hatujafika hospitali.
Maneno yamevuka mstari, yameingia kisanduku cha nane
panapoulizwa sifa za mwombaji.
Nimemwacha hivyo hivyo.

Barua ya Likapa iko mezani.
Nimeitoa kwenye sanduku la waliochelewa, sijui niipeleke wapi.
Pembeni muhuri mwekundu, IMECHELEWA,
niliugonga mwenyewe, kwa nguvu, nikaona kazi imeisha.
Wino huu haufutiki.
Nimejaribu na mate.